Mlimau wa Mbegu Huzaa

Leo nataka tuzungumze habari ya kitu kinachotupwa kila siku majumbani mwetu: mbegu za ndimu na za limau. Samaki amekaangwa, ndimu imekatwa na kukamuliwa, na mbegu zimebaki pembeni mwa sahani pamoja na miiba. Zote zinakwenda jaani. Na hata akitokea mtu akazikusanya akitaka kuzipanda, atakutana na mwenzake atakayemkatisha tamaa: mlimau wa mbegu hauzai, na ukizaa, huzaa matunda ya ajabu yasiyofanana na hilo ulilokula. Kama unataka mlimau, kanunue mche uliobebeshwa.

Nasema wazi mapema ili tusipotezeane muda. Mlimau wa mbegu huzaa, na mara nyingi huzaa tunda lile lile ulilolikamua. Kuna mipaka yake, nitaieleza, na kuna miaka ya kungoja, nayo sitaificha. Lakini huo usemi kwamba mbegu ya limau ni kazi bure umetunyima miti mingi uani kwetu, na ni usemi usio na msingi.

Kwanza tuelewane. Sokoni majina haya huchanganywa, na ukitoka mji mmoja kwenda mwingine unaweza kuomba limau ukapewa ndimu. Hapa ninaposema ndimu nina maana ya ile ndogo ya mviringo, yenye ganda jembamba, inayouzwa ikiwa kijani na kugeuka manjano ikiachwa iive. Limau ni lile kubwa zaidi, la manjano, na lile la kwetu la kienyeji mara nyingi lina ganda nene lenye vinundu. Miti yao hutunzwa karibu kwa namna moja, kwa hiyo nitakuwa nikiruka kutoka huu kwenda ule.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Mbegu ya parachichi ni mtoto wa wazazi wawili. Ua limepata chavua kutoka kwingine, mbegu imefungwa, na ukiipanda utapata mti ambao hakuna ajuaye matunda yake yatakuwaje. Ndiyo maana wenye mashamba ya maparachichi hawataki kusikia habari ya kupanda mbegu na kuiacha hivyo hivyo. Watu wakaichukua kanuni hiyo, ambayo ni ya kweli kwa parachichi, wakaibandika kwenye kila mti wa matunda.

Ndimu na limau vina njia yao. Ndani ya mbegu moja hukaa viinitete, yaani vijimea vichanga, zaidi ya kimoja. Kimoja hutokana na chavua, kama ilivyo kawaida ya mimea. Vingine huchipuka kutoka kwenye nyama ya mama inayoizunguka mbegu ikiwa bado changa ndani ya ua, bila baba kuhusika kabisa. Miche inayotoka kwenye hivyo vingine ni mama mwenyewe aliyeanza upya: majani yale yale, ganda lile lile, ukali ule ule. Si habari mpya. Mwaka 1719 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, yule aliyesifika kwa kuchungulia viumbe vidogo kwa lenzi alizojitengenezea, aliandika kwamba amekuta mimea miwili ndani ya mbegu moja ya chungwa. Mwaka 1878 mtaalamu wa mimea Eduard Strasburger akaeleza hivyo viinitete vya ziada vinatoka wapi.

Wakulima wa Muheza, mkoani Tanga, hawahitaji kusimuliwa hayo. Michungwa yao mingi imesimama juu ya shina la mlimau uliooteshwa kwa mbegu, ule wa ganda la vinundu. Wameuchagua kwa sababu mizizi yake huvumilia ukame na udongo wa kichanga, na kwa sababu mbegu zake zikipandwa kitaluni hutoa miche inayolingana, kana kwamba yote imekatwa kwenye tawi moja. Kama mbegu ya limau ingekuwa inatoa kila mche na sura yake, hakuna mwenye kitalu ambaye angeijengea biashara. Basi yule anayekwambia mbegu ya limau haiaminiki, mwambie achunguze chini ya mchungwa anaousifia.

Mipaka iko hivi. Ndimu ndogo na limau la vinundu ndivyo vya kuaminika zaidi. Malimau laini ya manjano, yale ya dukani, hutoa watoto wa mama na watoto wa chavua kwa kuchanganyika, kwa hiyo panda mbegu kadhaa, usitegemee moja. Furungu usilitegemee kabisa, kwani mbegu yake ina kiinitete kimoja tu, mtoto wa wazazi wawili kama wa parachichi. Na zile ndimu kubwa nyororo zisizo na mbegu, ambazo wengine huziita za Tahiti, hazina cha kupanda. Huzalishwa kwa matawi peke yake.

Mti huu haukuanza jana kwetu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, miti aliyoitaja ni migomba, milimau na mibalungi. Kabla ya hapo, akiwa Mogadishu, alikaribishwa chakula, na katika maelezo yake kuna wali, na pembeni ya wali achari ya malimau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ni karibu miaka 700 sasa, na sahani hiyo ungeipata mchana huu Unguja au Lamu bila kubadilishwa kitu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipotia nanga nje ya Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mabaharia wake walikuwa wameugua kiseyeye, fizi zimevimba na miguu imevimba, kwa kukaa baharini miezi bila matunda. Waliporudi kutoka Uhindi mwezi wa Januari 1499, wakafika Malindi wakiwa hoi, kitu walichotuma watu wakakitafute nchi kavu kwa ajili ya wagonjwa kilikuwa ni machungwa. Waingereza walichukua karne mbili na nusu zaidi kuthibitisha kwa majaribio kwamba matunda hayo huponya kiseyeye. James Lind, daktari wa meli, aliwagawa wagonjwa 12 mwaka 1747 akawapa dawa mbalimbali; wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Jeshi lao la majini likaanza kugawa maji ya limau kwa mabaharia wake mwaka 1795.

Turudi uani. Kazi inaanza na tunda. Usipande mbegu ya tunda lolote lililokujia mkononi. Tafuta tunda la mti unaoujua: mti wa jirani unaozaa sana, wenye ndimu zenye maji, wenye afya. Mbegu hii, kama nilivyosema, itakuletea mama. Basi mchague mama. Tunda liwe limeiva hasa, limegeuka manjano, hata kama limeanguka lenyewe. Usilipasue katikati kwa kisu kikali, utazikata mbegu. Kata ganda kwa juu juu kuzunguka, halafu lizungushe kwa mikono miwili mpaka liachane.

Toa mbegu, uzisugue kwa maji safi mpaka ule utelezi uishe. Zitie kwenye bakuli la maji, zinazoelea zitupe. Hapa kuna kosa ambalo wengi hulifanya kwa nia njema: wanazianika juani kama wanavyoanika mahindi au kunde. Mbegu ya limau ikikauka sana hupoteza nguvu ya kuota. Haikuumbwa kwa ajili ya ghala. Ipande siku hiyo hiyo, au ikishindikana ifunge kwenye kitambaa kibichi uiweke mahali penye baridi, uipande ndani ya siku chache.

Ukiwa na nafasi na macho mazuri, fanya na hili. Chukua mbegu moja ikiwa na unyevu, uitazame. Upande mmoja umechongoka. Kwa kucha, anzia hapo kwenye ncha, bana lile ganda jeupe gumu mpaka lipasuke, kisha ulivue. Utakuta ngozi nyembamba ya rangi ya udongo, hiyo iache. Kwa kulivua ganda la nje umeiondolea mbegu kizuizi chake kikubwa, na itaota mapema kuliko wenzake. Ukiona kazi hiyo inakushinda, panda na ganda lake, itaota tu.

Chombo ni chochote kinachotoboka chini: kopo, ndoo kuukuu ya rangi iliyosafishwa vizuri, au viriba kama unavipata. Udongo wangu ni huu: udongo wa juu mafungu mawili, samadi iliyooza sawasawa fungu moja, mchanga fungu moja. Samadi mbichi itaunguza. Fukia mbegu kiasi cha sentimita moja, mwagilia, weka kivulini penye joto, na udongo usikauke wala usiwe tope. Kwa hali ya hewa ya pwani, wiki mbili mpaka nne zinatosha. Kwa watu wa nyanda za juu, Lushoto, Njombe au Limuru, ongezeni subira, baridi huchelewesha.

Na hapo ndipo utakapoyaona kwa macho yako yale aliyoyaona yule Mholanzi. Kwenye tundu ulilotia mbegu moja yanatoka machipukizi mawili, pengine matatu. Watu hudhani wamekosea kuhesabu. Hawakukosea. Acha miche hiyo ikue mpaka kila mmoja uwe na majani manne au sita, kisha ilinganishe. Miche inayolingana, yenye nguvu, majani ya aina moja, hiyo mara nyingi ndiyo ya mama. Ule mdogo uliodumaa, au wenye majani yenye umbo la peke yake, mara nyingi ndio wa chavua. Ponda jani la kila mmoja kati ya vidole unuse; harufu nayo hutoa ushahidi. Uliotofautiana ung'oe. Inayobaki itenganishe taratibu, kila mmoja kwenye kiriba chake, na mzizi mkuu uende chini umenyooka. Mzizi uliokunjwa siku ya kupandikiza utakaa umekunjwa, na mti utadumaa miaka mingi baadaye bila wewe kujua sababu.

Mche ukifika urefu wa goti na ushee, na masika yamekaribia, utoe kwenda ardhini. Shimo la sentimita 60 kwa 60, kina hivyo hivyo, udongo wa juu uliochanganywa na debe la samadi iliyooza. Panda mche katika kimo kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Hili la kimo nalisisitiza, kwa sababu shina la mlimau likifukiwa, au likilala kwenye maji kila siku, huoza karibu na udongo, gome hupasuka na kutoa utomvu, na mti hufa ukiwa umesimama. Matandazo ya majani makavu ni mazuri sana kiangazi, lakini yaache mbali kidogo na shina. Hali kadhalika maji: yamwage kwa kuzunguka, usiyaelekeze shinani. Na usiupande mlimau karibu na karo la maji machafu wala dirishani, maana utakuwa mkubwa na wenye miiba.

Miiba, naam. Mche wa mbegu huwa na miiba mirefu kuliko ile ya mti uliobebeshwa. Ni alama ya utoto wa mti. Jinsi unavyopanda juu na kukomaa, matawi ya juu huanza kuwa na miiba mifupi, na huko juu ndiko maua ya kwanza hutokea.

Hapo tumefikia swali la miaka. Mndimu wa mbegu kwa kawaida huanza kuzaa kati ya miaka mitatu na sita. Mlimau huchukua mitano mpaka minane, na ukiwa kivulini au kwenye udongo mbaya huzidi hapo. Mche uliobebeshwa huzaa baada ya miaka miwili au mitatu. Tofauti inatokana na umri. Kijicho kinachobebeshwa, yaani kile kichipukizi kinachopachikwa kwenye shina, kimetoka kwenye mti mtu mzima, kimekuja na utu uzima wake. Mche wa mbegu, hata kama ni mama mtupu kwa damu, lazima upite utoto wote: unakua, unaongeza pingili juu ya pingili, mpaka siku unakomaa. Ndiyo sababu mkulima anayeukatakata mche wake wa mbegu ili uwe na umbo la kupendeza anajicheleweshea mwenyewe. Kila akikata kilele anaurudisha nyuma. Toa matawi makavu na yale yanayoota chini kabisa; mengine yaache yaende juu.

Kama lengo lako ni biashara, ekari mbili au tatu za kupeleka sokoni, kanunue miche iliyobebeshwa kutoka kitalu kinachoaminika, sina ubishi. Miaka mitatu ya ziada bila mapato ni mzigo. Mimi nazungumza na mwenye ua, mwenye kibaraza, mwalimu mwenye eneo la shule, msikiti au kanisa lenye uwanja. Kwa hao mbegu haina hasara, na nitaeleza kwa nini. Shina likifika unene wa penseli, una hiari mbili. Unaweza kuliacha liendelee mpaka lizae lenyewe. Au unaweza kumwita mtu anayejua kubebesha. Atapasua gome la shina lako umbo la herufi T, kiasi cha sentimita 20 kutoka ardhini, atachomeka kijicho kutoka kwenye mti unaoutaka, atafunga kwa ukanda wa plastiki, na baada ya wiki tatu hivi atafungua kutazama. Kijicho kikiwa bado kibichi, kimeshika. Unaweza kubebesha chungwa au chenza, au ndimu ya mti ambao tayari unazaa, juu ya ule mche uliotoka kwenye sahani yako. Mbegu ile imekupa ama mti wa limau ama shina la mti mwingine.

Faida nyingine watu huisahau. Virusi vya tristeza, vilivyoua mamilioni ya michungwa Brazili na Ajentina kuanzia miaka ya 1930, hasa ile iliyobebeshwa juu ya mdanzi, havipiti kwenye mbegu. Husambazwa na vidukari na vijiti vya kubebeshea vilivyotoka kwenye mti mgonjwa. Mche ulioota kwenye kopo lako unaanza maisha yake bila ugonjwa huo.

Lakini wadudu hutawakwepa. Anayeogopewa kuliko wote na wapandaji wa nyumbani ni kiwavi mmoja, na anastahili kuelezwa vizuri. Siku moja unaona juu ya jani changa kitu kama kinyesi cha ndege, cha kahawia na weupe kidogo. Hukijali. Siku chache baadaye kimekuwa kiwavi mnene wa kijani mwenye mistari ya kahawia ubavuni, na nusu ya majani yamekwenda. Mguse kidogo mgongoni: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inajaa hewani. Hana sumu ya kukudhuru wewe. Ile ni silaha yake dhidi ya ndege na sisimizi. Ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, na asili yake ni bara letu hili la Afrika. Kwa mti mkubwa hana madhara, muache. Kwa mche wa majani kumi na mawili, viwavi wawili wanatosha kuumaliza. Dawa yake ni kutazama mche kila asubuhi, kupindua majani, na kumtoa kwa mkono. Hakuna haja ya kununua sumu ya dukani kwa mdudu unayemwona kwa macho.

Ukiona mistari ya fedha inayojikunja kunja juu ya majani machanga, huyo ni kiwavi mdogo anayetoboa ndani ya jani. Anaudhi, lakini mti utamshinda. Vidukari waoshe kwa maji ya sabuni. Na wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kujenga viota, maji moto, ambao wenye minazi wanawajua kwa kulinda nazi dhidi ya wadudu, watakusaidia kula viwavi, ingawa nao huwafuga wadudu wafyonzaji na siku ya kuchuma utawalaani. Mimi huwaacha juu ya mti mkubwa na kuwaondoa kwenye mche.

Majani yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi mti umekosa madini ya chuma au zinki. Wenzetu wa maweni, kule Unguja na Pemba na pwani ya kusini ya Kenya, wanaijua hali hii, kwani udongo wa mawe ya matumbawe una chokaa nyingi na mizizi haiwezi kuyachukua madini hayo hata yakiwapo. Samadi na mboji kwa wingi husaidia. Majivu ya jikoni, ambayo watu humwaga kwenye kila mti wakidhani ni mbolea ya kila kitu, huzidisha tatizo pale pale.

Kuna manjano mengine ambayo si ya mchezo. Jani linakuwa na mabaka yasiyolingana, upande huu hivi na upande ule vile. Matunda yanabaki madogo, yamepinda, chini yakiwa kijani hata yakiiva, na mbegu zake ni kapi. Huo ni ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kidudu kidogo kinachofyonza majani machanga. Ule wa Kiafrika umekuwapo nyanda za juu kwa miaka mingi kwa sababu unapenda ubaridi. Wasiwasi ulizidi mwaka 2016, watafiti walipochapisha taarifa kwamba kidudu cha Asia, kile kinachostahimili joto la bondeni na pwani, kimeonekana Tanzania. Mwaka uliofuata ikathibitishwa kwamba kipo na Kenya. Mti ukishaugua hauponi. Mwite afisa ugani autazame, na ukithibitika ung'oe uuchome, kwa sababu ukiuhurumia utawaambukiza majirani. Na kwa ajili hiyo hiyo, usibebe miche wala vijiti kutoka wilaya moja kwenda nyingine kama zawadi. Ukitaka kumzawadia mtu wa mbali, mpe tunda.

Kuhusu maua, nyongeza ndogo. Katika nchi zetu zisizo na majira ya baridi kali, mlimau huchanua baada ya ukame kufuatwa na mvua. Mti uliofikia umri wake ukimwagiliwa kila siku mwaka mzima unaweza kuota majani tu, mazuri ya kupendeza, bila ua hata moja. Upunguzie maji kiangazi, kisha mvua za kwanza zikinyesha utaona. Kutoka ua mpaka ndimu ya kuchuma ni kiasi cha miezi mitano au sita. Limau huzidi kidogo hapo.

Na mti mmoja ukishazaa, hutazimaliza. Zitakazozidi zitie achari, zitie chumvi na pilipili zikae juani kwenye chupa. Jamaa zetu wa Oman huzichemsha kwa maji ya chumvi, wakazianika mpaka zinakuwa nyeusi na ngumu, nazo hutiwa nzima kwenye mchuzi wa nyama. Zikikauka hivyo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Anayenunua ndimu moja moja msimu wa uhaba, wakati bei imepanda na ndimu yenyewe haina maji, ataelewa maana ya kuwa na chupa hiyo kabatini.

Sasa nina ombi, na ndilo hasa lililonileta kwenye maikrofoni leo. Katika mitaa yetu, Tanga, Bagamoyo, Ng'ambo, Mji wa Kale wa Mombasa, Kilifi, bado kuna mindimu na milimau ya zamani iliyopandwa na wazee wetu kwa mbegu, miti inayojulikana mtaa mzima kwa utamu wa maji yake au kwa kuzaa msimu ambao mingine imelala. Inakatwa mmoja mmoja kupisha vyumba vya kupangisha na kuta za uzio. Sisemi msijenge. Nasema mama huyo anaweza kuendelea kupitia mbegu zake mwenyewe, na akikatwa kabla mbegu hazijachukuliwa, aina yake imekwisha. Kama mti wa namna hiyo uko kwako na umeshaamua kuuondoa, ngoja matunda yaive, yachume, uwagawie majirani watano au sita, na uwaambie wazipande mbegu zikiwa mbichi.